Kibendera cha Baba Tiana

Ukitaka kumtaja mtu wa mtaa wa Bredäng anayeaminika kwa macho yake, utaanza na Januari Komba, fundi wa lifti. Huu ni mwaka wa ishirini na saba anatengeneza lifti za Stockholm, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhakikisha sakafu ya lifti inalingana na sakafu ya ghorofa, bibi wa miaka tisini asije akajikwaa na kigari chake cha kutembelea. Januari hulala kifudifudi mlangoni, akafumba jicho moja, akasema "bado milimita mbili". Ukileta rula unakuta mbili kweli. Ndiyo maana Waswahili wa huku, yaani Watanzania, Wakenya, Wakongo na wote wanaokutana kwenye lugha hii, wamembatiza Milimita. Jina analipenda sana, ila akiitwa hujifanya hakusikia vizuri ili aitwe tena.

Sasa mtu kama huyo ukimkabidhi kibendera uwanjani, si umeshamaliza kazi? Ndivyo walivyodhani wote, na mimi ningekuwepo ningedhani hivyohivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya Mei, nusu fainali ya kombe la vyuo, upande wa wanawake, inachezwa Tumba, nje kidogo ya Stockholm. Binti wa pekee wa Januari, Tiana, anasomea uuguzi, na ndiye mshambuliaji wa timu ya chuo chake, jezi namba saba. Kombe lenyewe ni la kujitolea, lina mwamuzi mmoja tu kila mechi. Washika vibendera hutolewa na timu zenyewe, mmoja kwa kila timu. Siku hiyo mama aliyezoea kuishikia timu ya akina Tiana aliamka na homa. Kocha akawageukia mashabiki pembeni mwa uwanja, akauliza nani anaweza kumsaidia.

"Mpeni huyu mzee," akasema Josiah, dereva wa basi kutoka Kakamega, ambaye mechi ya hao wasichana haimpiti hata akiwa na zamu ya alfajiri. "Huyu ni VAR ya kutembea kwa miguu."

Watu wakacheka, Januari akavishwa kizibao cha njano, mechi ikaanza. Kipindi cha kwanza wakafungwa moja. Kipindi cha pili wakahangaika mpaka jasho likawatoka hata waliokaa. Dakika ya themanini na nane ukapigwa mpira mrefu, Tiana akachomoka katikati ya mabeki, akamzunguka kipa na kuutia wavuni taratibu, bila papara. Mashabiki waliruka wote. Josiah alimkumbatia mzee wa Kiswedi asiyemjua. Halafu wakaona mwamuzi anapuliza filimbi huku ameelekeza kidole pembeni, na kule pembeni kibendera kiko juu, kwamba mfungaji ameotea. Mkono uliokishika ulikuwa wa Januari.

Mechi ikaisha moja bila. Tiana hakulia, wala hakumbishia mtu. Alimtazama baba yake mara moja, kisha akainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Sasa nyumbani kwa Januari siku za mechi zina desturi yake. Alfajiri hupika pilau ya kuku mwenyewe, mkewe Benedicta haruhusiwi hata kuonja chumvi, kisha huifunga sufuria kwa blanketi ili ikae na moto mpaka warudi. Akirudi anapakua kwa mkono wake: wageni kwanza, wakubwa kwa wadogo, halafu mkewe, na Tiana wa mwisho kabisa. Mapaja yanakuwa yameshakwisha, anabaki na bawa na ukoko. Ilianza tangu ana miaka mitatu. Mtu akiuliza, Januari husema kwa fahari kwamba kwake hakuna upendeleo.

Basi jioni hiyo mapema, jua bado liko juu kama saa kumi alasiri kwetu, sufuria ilikuwa mezani, Januari ameshaigeuza pilau, amesimama na mwiko mkononi, na hakuna aliyekuwa anakula, kwa sababu mjadala ulikuwa mkali kuliko njaa.

"Ref alituibia, bana," alianza Josiah. "Ile handball ya kipindi cha kwanza hata kipofu angeisikia."

"Vraiment, kweli kabisa," akaitikia Zacharie, Mkongo wa Bukavu, fundi rangi, jirani wa ghorofa ya chini. "Ule muamuzi ni mtoto. Hata ndevu hana. Ataona nini?"

"Kwani ndevu zinaona?" akauliza Benedicta.

"Hapana, mama Tiana, lakini zinaonyesha mutu ameishi."

Wakamlaumu mwamuzi kwa penalti, wakamlaumu kwa dakika za nyongeza, wakalaumu nyasi za plastiki na upepo wa Tumba. Zacharie akalaumu hata rangi ya jezi, akasema bluu haionekani vizuri kwenye kivuli, na yeye rangi anazijua. Kila kitu kiliguswa isipokuwa kibendera. Waliuzunguka ule mjadala wa goli lililokataliwa jinsi watu wanavyomzunguka mgonjwa aliyelala sebuleni. Mwishowe Josiah akaona aibu ya kuuruka, akasema kwa heshima zote, "Kwa ile offside, sina neno. Milimita ameona, imeisha."

"Imeisha," wakaitikia wote.

Tiana alikuwa kwenye kona ya kochi, miguu ameikunja, nywele bado mbichi, anazungusha simu mkononi bila kuiangalia. Januari alimtupia jicho, akalirudisha haraka kwenye sufuria. Kwa sababu Januari alijua jambo ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua, au ndivyo alivyofikiri. Aliona vizuri kabisa. Mpira ulipopigwa, beki wa mwisho alikuwa bado karibu na goli kuliko Tiana. Macho yake yalimwambia goli halali. Lakini papo hapo akasikia kichwani watu wanasema, baba yake ndiye kampa, na mkono ukainuka kabla hajaukataza. Watu kumdharau angeweza kuvumilia. Kilichomkaba ni huyu mtoto kuondoka pale akiamini kwamba alikosea kukimbia, wakati aliyekosea ni baba yake.

"Lakini mimi nilipiga video," Zacharie akasema ghafla, akitoa simu mfukoni. "Tuweke kwenye televisheni. Tumalize matata."

Akaanza kuhangaika na rimoti. Na hapo Januari angeweza kunyamaza. Video za Zacharie hutikisika, nusu yake ni kidole chake, huenda isingeonyesha kitu. Lakini kazini kwao wana utaratibu mmoja ambao Januari ndiye anayewafundisha mafundi wapya: lifti ikisimama vibaya kwa kosa la fundi, fundi mwenyewe huandika jina lake kwenye karatasi ya hitilafu, kabla mtu hajauliza. Ukingoja kuulizwa, unakuwa umeficha.

"Iache hiyo, Zacharie," akasema. "Hakuotea. Lilikuwa goli."

Hata Benedicta aliacha kukata limau.

"Ulikuwa hujaona vizuri, mzee," Josiah akamsaidia haraka. "Hata jua lilikuwa usoni."

"Niliona vizuri. Jua lilikuwa mgongoni kwangu." Januari alikuwa bado ameshika mwiko, amesahau kuuweka chini. "Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, kibendera kingebaki chini. Nilikiinua kwa sababu ni wangu. Niliogopa maneno yenu."

"Maneno yetu sisi?" Josiah akashangaa. "Sisi si tulikuwa tunashangilia?"

Na kweli, ukifikiria, hilo ndilo lililokuwa la kuchekesha kuliko yote. Alikuwa amewaogopa watu ambao wangembeba mabegani. Zacharie, ambaye hakuwa amesikia amri ya kuiacha, akafanikiwa kuiwasha video, na picha ikasimama pale pale panapohitajika. Kati ya mguu wa beki na mguu wa Tiana palikuwa na hatua nzima. Hapakuhitaji mtu wa kulala kifudifudi.

"Haya, ona sasa," Benedicta akasema polepole. "Milimita wangu."

Januari alikuwa anamtazama binti yake.

"Najua, pappa," akasema Tiana kwa Kiswedi, lugha anayowajibia wazazi wake siku zote. "Nilijua palepale uwanjani. Nilikuwa nangoja kuona kama utasema." Akaiweka simu kochini. "Unakumbuka mbio za baiskeli za jumuiya, nikiwa na miaka tisa? Nilishinda, ukasema zirudiwe. Na kwaya. Wewe ndiye uliyekuwa unachagua wa kuimba peke yake. Miaka minne hukuniona."

Josiah na Zacharie wakaanza kuchunguza sahani zao tupu.

Januari aliketi. Alimkumbuka baba yake, mwalimu wa shule ya msingi kule Mbinga, mtu mzuri kabisa, ambaye darasa zima likikosa aliwachapa wengine viboko viwili na mwanawe vitatu, kijiji kisije kikasema. Januari aliapa kwamba mtoto wake hatamgusa kwa fimbo, na kweli hakumgusa. Kumbe alikuja na hesabu ileile mpaka Bredäng, tatu kwa wake na mbili kwa wa wenzake, akaiita haki, na wageni wakamsifu kwa hilo huku wanakula mapaja.

"Nisamehe, mwanangu," akasema mbele za watu, bila kujali. "Nimekuonea. Si leo tu. Kocha wako nitampigia, nimweleze mwenyewe."

"Nimeshamwambia kwamba utampigia leo," akasema Tiana. "Sikumwambia ni kwa nini."

Januari akacheka huku anafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mwiko, punje za pilau zikamganda kwenye paji la uso. Kisha akasimama, akafunua tena blanketi, akachukua sahani ya kwanza. Akaweka pilau, akaweka paja, akafikiri, akaongeza la pili, na kachumbari juu yake. Josiah, kwa mazoea ya miaka kumi na mitano, akanyoosha mikono yote miwili. Sahani ikampita hewani.

"Baba Tiana," akalalamika, "mimi si ndiye mgeni?"

"Kaa kwenye foleni, Josiah."

Tiana aliipokea sahani, akaitazama kwa muda. Halafu akainuka, akaenda mezani, akalirudisha paja moja kwenye sufuria.

"Moja, baba," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Kama wengine."

Januari akachukua sahani ya pili, akaukubali uamuzi, wala hakubisha.