Habari za Kazi? Nzuri Tu

Eti "mteja alikiri hakuna hasara," ndivyo walivyoandika kwenye faili. Alikiri lini? Alikiri kwa nani? Ndivyo nilivyokuwa namuuliza bwana wa madai pale kwenye kampuni ya bima, na sikujali kwamba foleni nzima imegeuka kunitazama. Shangazi ananivuta shati.

"Punguza sauti, mwanangu. Hata hujamsalimia."

Salamu! Salamu ndiyo iliyotuponza.

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Akikutazama tu mlangoni anajua kiuno chako, na ukimdanganya kwamba umepungua anacheka mpaka pini zinamtoka mdomoni. Na ni mtu wa salamu. Mwizi akiruka ukuta, shangazi atamuuliza kwanza kama watoto hawajambo. Basi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, shoti ikapiga, moto ukala vyerehani vyake vyote na meza ya kukatia. Bima anayo, na moto wa umeme umo kwenye mkataba. Tukaripoti. Kawaida yao mkaguzi anakuja, anaona kilichoungua, anaandika, ndipo wanalipa. Tukasubiri, shangazi anashona kwa mkono, sindano karibu na pua maana macho yamechoka. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Bila mashine alikuwa anaiaga kazi aliyoifanya tangu usichana wake.

Mkaguzi hakuja. Alipiga simu. Na bwana wa madai akatuwekea ile simu iliyorekodiwa tuisikie wenyewe.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri tu, baba."

"Kazi zinaendelea?"

"Zinaendelea, tunamshukuru Mungu."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna, sijui huko kwenu."

Basi. Madai yakafungwa hapo.

Nikamgeukia shangazi. "Vyerehani vimekuwa majivu, unasema hakuna tatizo?"

"Mtu anakusalimia, unamrushia msiba usoni? Nilikuwa nangoja tumalize salamu ndipo nimweleze. Akakata simu."

Damu ilishanichemka, mkono uko juu nataka kuipiga kaunta. Ndipo nikamwangalia vizuri yule bwana. Shavu moja limevimba kama puto, anaongea kwa upande wa mdomo. Nikashusha mkono.

"Samahani, kaka. Tuanze upya. Habari za leo?"

"Nzuri."

"Afya?"

"Njema kabisa."

"Hakuna tatizo?"

"Haku..." Akajishika shavu.

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Na yeye mfungieni faili, asing'olewe hilo jino!" Bwana wa madai akacheka, akaugulia, akacheka tena. Kisha akanyanyua simu, akamwambia mkaguzi, "Nenda kaone kwa macho yako."

Mkaguzi akaja kweli, viatu vinang'aa, akasimama mlangoni. "Hamjambo hapa? Habari za kazi, mama?"

Shangazi akafungua mdomo. Nikamfinya. Midomo ikamcheza, maana tangu azaliwe hajawahi kumjibu mgeni vibaya mlangoni kwake.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana, baba." Kisha akaketi juu ya ndoo akalia, na tangu moto ule sikuwa nimemwona akilia.

Mkaguzi hakujua aweke wapi mikono. Akapiga picha, akapekua masizi mpaka akaifikia soketi iliyoyeyuka, akaniomba nimshikie tochi. Wakalipa. Siyo bila kunikera lakini: wakakata fungu zima wakaliita uchakavu, eti mashine zilikuwa za zamani. Kama uzee ni kosa, wangeanza na feni ya ofisini kwao, ile inayozunguka huku inakohoa. Shangazi akapata mashine chache kuliko za mwanzo, ila mlango uko wazi na mguu uko kwenye pedali.

Sasa wewe unayesoma, una mama, mjomba, au mama mkwe mwenye adabu na bima? Mpigie simu sasa hivi. Usiseme kesho. Mwambie mtu wa bima akiuliza habari, amtajie hasara kwanza, salamu zitafuata baadaye. Na nyinyi wakaguzi, wekeni simu chini. Njooni mtazame.