Katuni za Mama na Saini Niliyoitaka

Mimi si mtu wa kusamehe. Nasema hivi mapema ili msomaji asingoje mpaka mwisho akidhani nitalainika.

Nilikuwa na vitabu vya katuni kumi na vinne, toleo la kwanza mpaka la mwisho, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Mwenye duka la vitabu vikuukuu kule Tanga, nilipompelekea viwili avione, alivishika kwa ncha za vidole na kuniambia hajawahi kusikia mtu mwenye seti nzima.

"Mwalimu, aliyevichora yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mtafute avitie saini. Kitabu chenye saini ya mchoraji ni kitu kingine kabisa. Ila ufikirie kwanza, maana wino ukishaingia hautoki."

Aliniona mpenzi wa katuni. Sikumkatalia. Ukweli ni kwamba nilivinunua ili watu wasivisome.

Baba alipopunguzwa kazi kwenye mkonge kule Mazinde, tulihamia Masuguru, hapo Korogwe, na kwa kuwa mitumba ilikuwa imeruhusiwa, mama akaanza kufungua belo za nguo sokoni. Alikuwa na kovu la moto shavuni, alifunga kitenge juu kabisa, chini ya kwapa, na kila mteja aliyesitasita alimwambia, "Jaribu, mwanangu. Haiumi." Watu walicheka na kujaribu, na wengi walinunua.

Ndipo akaja kijana mmoja kuomba chumba. Ukoo wake na ukoo wa mama ni watani, kwa hiyo hakuwa mgeni. Alikuwa akijifunza kuandika mabango ya maduka. Mama alimpa chumba cha uani bure na ugali bure, mwaka mzima. Walitaniana kutwa. Yeye alimwita mama bibi kizee wa belo, naye mama alimwambia ameshika penseli kwa sababu jembe limemkataa. Ndivyo utani ulivyo: mtu anakurushia dongo usoni, unamrudishia hapohapo, mnacheka wote na kula pamoja.

Kijana akaenda Dar es Salaam. Miezi michache baadaye vitabu vya katuni vikaanza kushuka stendi ya Korogwe, na katika kila kitabu alikuwemo mwanamke muuza mitumba mwenye kovu shavuni na kitenge chini ya kwapa. Maneno yake yalikuwa yaleyale, "Jaribu, mwanangu. Haiumi." Tena alikuwa mwizi. Nguo nzuri alizificha ndani ya gauni lake, zilizochanika akawauzia watu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa wauza nguo.

Wateja waliomjua mama miaka yote wakaanza kugeuza nguo ndani nje, kutafuta matundu mbele yake. Watoto walimfuata njiani wakiimba maneno yake mwenyewe. Nilikuwa sekondari, na darasani mtu akinipa hata chaki aliniambia haiumi. Jalada lilikuwa na jina la kubuni la mchoraji, lakini nani angedanganyika? Mjomba wangu, kaka yake mama, alimfuata yule kijana hukohuko Dar es Salaam kumuuliza. Kijana akala kiapo kwa jina la mama yake mzazi kwamba vitabu hivyo si vyake na wala hajui vimechorwa na nani.

Mama hakuwahi kuvisoma. Zile kelele zilimtosha. Mwaka uliofuata aliacha soko, na yeye na baba wakarudi kijijini kwetu, Kwedizinga, kulima mahindi.

Mimi nilibaki Korogwe kumalizia shule, na kazi yangu ikawa kununua. Kila toleo lilipofika nilichukua nakala zote za muuza magazeti pale stendi, nikashinda na njaa, nikatembea kwa miguu. Nilizichoma nyuma ya jiko, isipokuwa moja moja niliyoiweka kuwa ushahidi. Hizo nilizifungia sandukuni, nikazitandikia majani ya mwarobaini dhidi ya wadudu. Nilipoajiriwa na kupewa nyumba ya shule iliyovuja, nilimpelekea mama sanduku alitunze. Nilimwambia ni madaftari yangu ya zamani.

Miaka ilipita, magazeti binafsi yakaja mengi, na siku moja nikamwona kijana yule, sasa mtu mzima mwenye kitambi, gazetini, kwa picha na kwa jina alilopewa na baba yake. Alikuwa akijisifu kwamba yule mwanamke wa mitumba ni kazi ya mikono yake. Hasira iliyonipanda siku ile sijapata kuisahau.

Kwa hiyo yule wa Tanga aliponiambia habari ya saini, nilifikiri sana, lakini si alivyofikiri yeye. Nikimpa mchoraji asaini, nampa heshima ya bure. Nisipompa, kiapo chake kinabaki kilivyo. Mwishowe niliamua asaini, kwa jina lake halisi, juu ya picha za mama, mama akimwangalia, kama mtu anavyotia saini maelezo yake polisi.

Nilimpata Masuguru, kwenye arobaini ya mjomba wake. Nilipomwambia ninavyo vyote kumi na vinne, aliweka chini sahani ya pilau. Vyake viliishia kwa mchwa, na kuna watu walitaka kuvichapa upya katika kitabu kimoja, naye alikuwa hajapata hata nusu.

"Vyote?"

"Vyote. Viko kwa mama, Kwedizinga."

Alifuta vidole vyenye mafuta. "Nitakuja kesho."

Tulimkuta mama uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuuliza kilichomleta. Nilitoa sanduku, nikafungua kufuli, nikampa mama kitabu cha kwanza. Alikisoma polepole, akipitisha kidole chini ya maneno, mpaka alipojiona.

"Mama, ulikuwa utani," yule bwana alisema. Kalamu alikuwa nayo mkononi tayari. "Sisi ni watani."

"Mtani wangu hunitania mbele yangu nikamjibu. Wewe ulinitania ukiwa Dar es Salaam. Halafu ukala kiapo mbele ya kaka yangu."

Nilimwekea yule bwana kitabu na kumwonyesha mahali. "Hapa. Jina lako la kweli."

Aliinama kuandika. Mama akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Asiandike."

"Mama, mwache aandike." Nilikasirika kweli. Jambo hili nilikuwa nimeliota kwa miaka.

"Mtoto uliyemkana akiwa mchanga, huji kumpa jina akishaota ndevu," mama alisema, akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Aliitoa, nadhani kwa mazoea ya kumtii. Mama aligusa lile kovu kwenye picha.

"Huyu ni nani? Mwambie mwalimu."

Alitazama mahindi. "Ni wewe, mama."

"Basi vina mwenyewe. Nilikuwa sijakujibu, leo ndiyo nakujibu."

Akaandika jina lake mwenyewe juu ya mchoro, herufi moja moja, kubwa, kwa mwandiko aliojifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Lilianzia usoni mwa yule mwanamke likaishia pembeni mwa ukurasa. Akafungua penye mchoro mwingine, akaandika tena. Yule bwana alipiga magoti kwenye maganda.

"Mama, unaviharibu. Havipatikani tena popote. Niachie hata kimoja."

Mama hakuinua macho.

"Vumilia, mwanangu," alisema. "Haiumi."

Vilikuwa vimebaki kumi na vitatu. Nilimsogezea cha pili.