Mbwa Asiyeitika Jina Lake

Tulipomaliza matanga ya baba, dada zangu waliniachia kabuti lake la kazi. Nililikung'uta uani, likatoa vumbi la pumba na harufu ya grisi iliyochanganyika na dizeli. Ni harufu ya mashamba makubwa ya ngano ya serikali kule Hanang, ambako baba alikuwa mlinzi wa nyumba za wataalamu wa kigeni. Nilikaa nalo mapajani nikitaka kulia. Badala yake nikamkumbuka Siti, nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia kuona kama niko salama.

Siti aliingia nyumbani kwetu Masakta akiwa ndani ya kabuti hilohilo. Wenye mbwa, Mzungu mmoja na mkewe, walikuwa wanarudi kwao, wakamwachia baba. Mama wa Siti alikuwa kijibwa cha sebuleni cha yule mama wa Kizungu. Baba yake, kwa ushahidi wa masikio yake, alikuwa mbwa mmoja wa njano wa karakana ya shamba. Basi akatoka na mwili mrefu kama mkate, miguu mifupi, na manyoya yaliyomziba macho. Akipita kwenye udongo mweusi baada ya mvua, tumbo lake lilizoa tope lote njiani. Mama alimtazama akasema tumeletewa fagio.

Baba alitutangazia kwamba anaitwa Siti. Kila jioni, akiwa getini, alimsikia yule mama akimwambia mbwa huyo barazani: Siti, Siti. Kizungu cha baba hakikuwa cha daftari, alikiokota kwa masikio, na alikijivunia kuliko waliosoma. Neno lake kuhusu Kizungu halikupingwa nyumbani, kwa kuwa hakuwepo wa kulipinga.

Jina lenyewe lilitutia mashakani mapema. Mke wa mwenye duka kule Katesh, mama mmoja mwenye heshima zake aliyekuwa akija kwetu kununua maharage, aliitwa Bi Siti. Mama akatukataza kumtaja mbwa kwa jina siku za ujio wake. Siku hizo tulimwita "wewe" tu. Cha ajabu, siku hizo alikuja mbio, mkia ukipepea. Mama akasema mbwa anampenda mgeni kwa sababu ananukia vizuri.

Siku nyingine zote hakuja. Kazi ya kumlea na kumfundisha ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeomba abaki. Nilimlisha ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye maziwa ya mgando. Nilimtoa kupe nyuma ya masikio. Nilimfunga yale manyoya ya usoni kwa uzi ili aone njia. Kisha nilisimama upande wa pili wa ua na kipande cha ukoko mkononi, nikaita, "Siti." Akakaa. Nikaita kwa nguvu. Akakaa vizuri zaidi, kifua mbele, kama mzee wa kanisa siku ya sadaka. Nikikasirika na kupiga kelele, alijibonyeza chini kana kwamba anataka kuingia ardhini, huku ananitazama kwa masikitiko. Mara nyingi kuku walifika wakaudonoa ule ukoko mkononi mwangu.

Lakini kwetu kila aliyekula alikuwa na kazi, na mbwa asiyekuja akiitwa hawezi hata kufukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Baba akakata shauri. Mjomba, kaka yake mama, aliyefuga ng'ombe Yaeda Chini, angepanda karibuni kuchukua mahindi. Kama mbwa hataitika mbele yake, ataondoka naye. Yaeda Chini kulikuwa na fisi, na mbwa wa huko walikuwa warefu wenye makovu. Nilijua mwenzangu hamalizi kiangazi.

Siku aliyofika mjomba ndiyo siku tuliyoanza Kiingereza, darasa la tatu. Mwalimu aliingia, tukasimama, tukaimba salamu tusiyoielewa. Akasema, "Siti dauni," na kiganja chake kikashuka chini. Wenzangu wote wakakaa. Mimi nilibaki nimesimama, mdomo wazi.

"Mwalimu," nikauliza, "siti ni nini?"

"Ni hicho ambacho wewe peke yako hujafanya."

Kengele ya mwisho ilipolia nilikimbia bila kuchagua njia. Nilimkuta mjomba uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwa mbwa. Alishaona ya kutosha. Alikuwa anasema kwamba fisi akikutana na huyu atamwuliza kwanza mama yake yuko wapi. Baba, uso umemshuka, akaita mara ya mwisho. Siti akakaa. Mjomba akamvisha kamba.

Hapo ndipo nilipoona ugumu wangu. Ili kumwokoa mbwa ilibidi niseme kwamba Kizungu cha baba kina kosa, na niseme mbele ya shemeji yake, mtu ambaye miaka yote alikuwa anatafuta cha kumchekea.

"Baba," nikasema, "siti si jina. Ni kukaa. Kila tukimwita, tunamwambia akae."

Mama aliacha kupepeta. Baba alimtazama mbwa, ambaye alikuwa bado amekaa, kamba shingoni.

"Rudia," akaniambia. "Mjomba wako hakusikia vizuri."

Nikarudia. Baba akarudi nyuma, akachuchumaa, akasema taratibu, "Wewe." Mbwa akamrukia, kamba ikamponyoka mjomba na kuzoa kibuyu chake cha togwa.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, kumbe mbwa anakuzidi Kizungu."

"Yeye alikuwa ndani," baba akasema. "Mimi nilikuwa getini."

Mjomba aliondoka na mahindi peke yake. Mbwa tukamwita Wewe, ikawa taabu nyingine, maana mama hakuweza tena kumkaripia mtoto bila mbwa kufika katikati akitikisa mkia. Kuku walikoma kabisa.

Furaha ilinizuia kufikiri. Baadaye sana ndipo nilipoona kwamba hakuna aliyekuwa mtiifu nyumbani kwetu kama yule mbwa, na kwamba tulimgombeza kwa kutii. La baba lilichelewa zaidi kuniingia. Jioni ile alinifuata jikoni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna maneno mengine aliyotufundisha vibaya. Nikamwambia tuko somo la kwanza tu. Akasema basi, nikifika la pili nimwambie.

Nilidhani anataka kujua maneno. Sasa nina watoto, nao wameanza kunisahihisha mbele ya wageni. Ndipo nimejua kazi iliyomo katika kusema "rudia", na sauti isitetemeke.