Fimbo ya Kinyozi

Kinyozi wa mtaani kwetu ana fimbo ya zamani ya kuchezea puli mezani, ya kiwandani tu, lakini atakuchosha nayo kana kwamba aliichonga mwenyewe. Huifuta kwa taulo la kunyolea, huiviringisha mezani tuone ilivyonyooka, kisha huinusa kama anayenusa kichwa cha mtoto mchanga. “Huu ndio mti, ndugu yangu,” husema, akizibetulia mdomo fimbo zetu za kisasa. “Hayo yenu ni mabomba ya maji.” Jana shemeji yake, mtu wasiyepikika naye chungu kimoja, alimwita mezani wapambane mbele ya ukumbi mzima. Kinyozi akakunja mikono ya shati, akairudisha fimbo yake kwenye mkoba wake wa kuibebea, akafunga zipu taratibu, akaninyooshea mkono bila kunitazama. “Hebu lete hilo bomba.”