Bakuli la Dada Mübeccel

Mgeni akifika mtaa ule wa zamani ulio chini ya msikiti wa Süleymaniye, jijini Istanbul, akauliza wapi atapata chakula cha Kituruki cha asili, hapewi maneno mengi. Mshona magunia humwelekeza kwa kidevu. Muuza mizani humwambia, "Teremka, fuata mvuke." Mvuke humfikisha kwenye mkahawa mdogo wenye sinia zilizopangwa dirishani: maharage meupe, bilingani zilizojazwa nyama, wali wa siagi, mchuzi wa kondoo na viazi. Ikigonga saa tisa alasiri sinia zote ni tupu, na atakayechelewa ataambiwa arudi kesho.

Aliyekuwa akipika vyote hivyo aliitwa Saffet, na wageni hao hawakuwahi kuuona uso wake. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mrefu, mabega yameinama kwa kuzoea kuchungulia masufuria. Saa kumi na moja alfajiri aliinjika maharage. Watu mia mbili wakishashiba, yeye alikula amesimama kando ya sinki, mkate mkononi, macho ukutani. Kisha alipanda vichochoro viwili hadi kwake, chumba na jiko katika ghorofa ya chini ya nyumba ya mbao iliyopinda upande mmoja. Huko alichemsha chai. Jiko lake la nyumbani halikujua kitu kingine ila birika. Tangu mkewe Nezihe afariki, miaka minne iliyopita, hakuwa amekaanga hata yai. Mganga hajigangi.

Juu ya jiko hilo palikuwa na rafu, na juu ya rafu palikuwa na bakuli jeupe la kaure, lenye mstari wa buluu ukingoni na ufa mwembamba kama unywele. Halikuwa lake. Lilikuwa la Dada Mübeccel, mjane wa ghorofa ya juu. Mwezi wa Muharamu uliofuata kifo cha Nezihe, Dada Mübeccel alipika ashure, uji mtamu wa ngano, dengu na matunda makavu, akawagawia majirani kama ilivyo ada, na bakuli moja likashuka ngazi hadi kwa Saffet. Alikula peke yake. Akaliosha bakuli, akalifuta mpaka likang'aa, kisha akakwama.

Bakuli la jirani halirudi tupu. Mtoto wa mtaa ule hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Linarudi na kitu kilichopikwa kwenye moto wa nyumba yako, hata kiwe kidogo. Enzi za Nezihe, mabakuli yalipanda na kushuka ngazi zile kama yana miguu, na Saffet hakujua hata lipi la nani. Sasa angelijaza nini? Maharage ya mkahawani yalikuwa ya mwenye mkahawa. Kuyapeleka yale ni kutoa sadaka kwa mkono wa mwenzio. Akasema, nitapika Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine nyingi nyuma yake.

Muharamu wa mwaka wa pili alisikia hatua za Dada Mübeccel zikishuka na sinia. Zilipunguza mwendo mlangoni kwake, kisha zikapita. Alielewa. Kumletea bakuli la pili ilhali la kwanza halijarudi kungekuwa kumdai, na mama yule hakuwa mtu wa kudai. Basi wakaishi hivyo. Walisalimiana asubuhi wakikutana mlangoni. Saa nyingine zote Saffet alimjua kwa bomba la maji: likiguna juu, alijua kuna mtu, naye akamimina chai yake.

Jumatatu moja Cafer, mhudumu wa mkahawa, alikuja jikoni na rundo la sahani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na kwa miaka hiyo yote Cafer ndiye aliyekuwa msemaji.

"Fundi, jirani yako anahama na wewe umekaa kimya kama sufuria ya jana."

"Jirani gani?"

"Unao wangapi? Nyumba zote za juu huko zimekuwa za wageni. Bi Mübeccel. Magoti yamezikataa ngazi. Binti yake anamchukua, wanakwenda Eskişehir. Lori linakuja Alhamisi, saa tatu asubuhi."

Saffet aliendelea kukoroga. Baadaye akasema, "Nina bakuli lake."

"Bakuli gani?"

"La ashure."

"Ya mwaka huu?"

Saffet alikoroga.

"Ya mwaka jana?"

"Mwaka wa tatu sasa."

Cafer akaziweka sahani chini. "Miaka mitatu. Kuna watu wamefungwa jela wakatoka. Unalisha nusu ya Istanbul, fundi, umeshindwa kujaza bakuli moja la mama wa watu?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini, liote?" Kisha Cafer akamtazama, na mzaha ukamtoka. "Lirudishe kabla hajaondoka. Na lisirudi tupu. Usimwaibishe marehemu. Watasema nyumba ya Nezihe ilikula ikafuta mdomo."

Neno hilo lilimganda Saffet. Siku mbili alilibeba. Aibu yake mwenyewe aliizoea, ilikuwa kama kofia, huivaa akasahau kwamba ameivaa. Lakini Nezihe alikuwa mtu wa kurudisha bakuli kesho yake, likiwa la moto.

Alifikiria majani ya mzabibu, lakini hayo alikuwa akiyasokota Nezihe, na vidole vyake Saffet vilikuwa vinene. Alifikiria supu, ikamwagika ngazini hata kabla hajaipika. Mwishowe akaenda dukani akaomba suji, ile ngano ya chenga, na siagi na mbegu za msonobari. Alichagua hivyo kwa sababu ni chakula kinachotaka mkono tu, na mkono alikuwa nao.

Alhamisi aliinjika maharage kama kawaida, akamwachia Cafer moto, na saa moja asubuhi akapanda kwenda nyumbani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne aliishusha birika, akaweka sufuria. Aliyeyusha siagi. Akamimina mbegu, akamimina suji, na hapo mkono wake ukamsaliti: ulizoea kupimia watu mia mbili, haukujua kupimia bakuli. Alipotazama, sufuria kubwa ya Nezihe ilikuwa imejaa nusu. Hakuwa na la kufanya ila kukoroga. Moto mdogo, mwiko wa mbao, huku na huku, bila kupumzika, mpaka suji ikaanza kubadilika rangi na harufu yake ikajaa jikoni, ikapita chini ya mlango, ikapanda ngazi. Akamwagia maziwa ya moto yenye sukari, ikanguruma, akaifunika kwa kitambaa. Halua ikawa tayari. Akajaza bakuli, akalainisha juu yake kwa mgongo wa kijiko.

Alipofungua mlango, Dada Mübeccel alikuwa tayari anashuka, ngazi moja moja, mkono mmoja ukutani na mwingine ukifunga ushungi kwa haraka. Nyuma yake wachukuzi wawili walikuwa wamelitua kabati katikati ya ngazi.

"Nani, Bwana Saffet?"

"Nani, vipi?"

"Nani amefariki? Harufu imenifikia juu. Nikawaza ni yule muuza mizani, mwenye moyo mbovu. Niambie tu, ndugu yangu."

Wachukuzi walikuwa wamefungua viganja, midomo inacheza. Hapo ndipo Saffet alipojua alichofanya. Mtaani mle suji ikikaangwa kwa siagi asubuhi na mapema, watu hawaulizi kuna nini. Wanauliza ni nani. Harufu hiyo hutangulia tangazo la msikitini. Fundi mzima, mpishi kwa miaka thelathini, amepika msiba akampelekea msafiri.

"Hakuna aliyekufa," alisema. Masikio yalimwaka. "Nilikuwa narudisha bakuli."

Mchukuzi mzee akashusha mikono. "Sasa Fatiha yetu imekwenda kwa nani?"

"Haipotei hiyo," mwenzake akamjibu. "Shika kabati."

Walipopita na kabati, Dada Mübeccel akaketi kwenye ngazi ya mwisho, akalipokea bakuli, akaliweka mapajani. Alichukua kijiko, akaonja. Alionja tena.

"Umekoroga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Siku ile hukuweza."

Saffet alitazama viatu vyake. Siku aliyokufa Nezihe, Dada Mübeccel ndiye aliyesimama mbele ya jiko lile lile. Kila mtu wa nyumba hupewa mwiko akoroge kidogo halua ya maiti wake, amwombee dua. Saffet aliitwa. Aliushika mwiko, akaurudisha, akatoka nje kukaa na wanaume.

"Nilikuita mara mbili," alisema yule mama.

"Nilisikia."

Nje binti yake alikuwa akiwaambia wachukuzi wasilaze kioo. Dada Mübeccel alipitisha kidole kwenye mstari wa buluu.

"Kwa nini umelirudisha, Bwana Saffet?"

"Ni lako."

"Najua ni langu. Ninayo mengine kumi na moja, yamefungwa kwenye magazeti huko. Hili nililiacha kwako. Nilisema, mtu mwenye bakuli la jirani ndani hawezi kufunga mlango kabisa. Siku moja atapanda tu."

Saffet alikuwa na jambo la kusema. Lilikuwa tayari: nirudishie, basi, nibaki nalo. Lakini binti aliita kutoka nje, "Mama, tunachelewa," na yule mama akajiinua kwa kushikilia ukuta. Akalifunika bakuli kwa kitambaa. "Nitaila njiani, ingali moto," alisema. "Nezihe angeongeza sukari kidogo. Lakini ni nzuri." Wakampandisha mbele ya lori, bakuli mapajani.

Msafiri humwagiwa maji nyuma yake, ili aende kama maji na arudi kama maji. Kwa kuwa majirani wengine hawakuwapo, kazi ilikuwa ya Saffet. Aliingia mbio ndani. Chombo kilichokuwa karibu ni birika. Lori lilipoanza kuteremka akamwaga. Maji yalikuwa bado na uvuguvugu, na mvuke mwembamba ukapanda juu ya mawe. Alisimama pale mpaka mawe yakapoa.

Sufuria ilikuwa imebaki karibu kujaa. Halua haimwagwi, na hailiwi na mtu mmoja. Akaifunga kitambaa, akaibeba mkononi mpaka mkahawani, akaitua dirishani kati ya maharage na wali.

Cafer aliitazama, akamtazama yeye. Alitoa visahani vidogo.

Mchana walikuja mshona magunia, muuza mizani na wengine wa kila siku. Kila mmoja alipewa kijiko cha halua kabla ya maharage, na kila mmoja alikula kwa namna inavyoliwa, kichwa chini, kisha akasema, "Mungu amrehemu." Wageni wawili wenye simu walitaka kujua bei ya hicho kisichoandikwa ukutani. "Hicho hakiuzwi," Cafer aliwaambia. "Kuleni." Wakala.

Muuza mizani ndiye aliyeuliza kwa sauti, kuelekea mlango wa jikoni. "Ni nani, fundi? Hatujasikia tangazo."

Saffet akatoka, mikono inanukia siagi. Watu wawili watatu waligeuka kumwangalia, maana hakuwa na kawaida ya kutoka.

"Nezihe," alisema. "Mke wangu."

"Lini?"

"Miaka minne."

Muuza mizani akatikisa kichwa polepole, kana kwamba ni jana. "Mungu amrehemu. Akubakishe wewe, ndugu."

"Amina," alisema Saffet, akarudi jikoni.

Alasiri alipanda vichochoro vyake viwili. Kwenye rafu palikuwa na duara safi katikati ya vumbi, pale bakuli lilipokaa. Hakulifuta. Aliosha sufuria, akaitundika, akaweka birika motoni. Maji yalipochemka alisimama na gilasi mkononi, kwa mazoea, akisubiri bomba la juu ligune ndipo amimine.