Sauti ya Baba kwenye Kaseti ya Kipaimara

Kwetu Uru, mlimani juu ya Moshi, kitinda mimba ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi, pamoja na mama, ng'ombe na kila kilichoharibika humo ndani. Ndivyo redio kaseti ya baba ilivyokuwa mali yangu. Kaka zangu wawili, waliokuwa Dar es Salaam, walipiga simu kila mara kuuliza kama sidii nilizoahidi kuwatolea kutoka kaseti za zamani za nyumbani ziko tayari. Hakuna aliyeuliza kama nimechoka.

Nilikuwa nimechoka. Asubuhi nilishuka kazini Moshi mjini, jioni nikapanda kurudi nyumbani, nikakata majani ya ng'ombe, na Jumamosi, siku ambayo wenzangu hupumzika, nilikuwa mezani na pamba na spiriti. Mama alikuwa amezitunza zile kaseti kama alivyotunza mbegu za mahindi: juu ya dari la jikoni, kwenye moshi wa kuni, zisiliwe na wadudu. Wadudu kweli hawakuzila. Lakini masizi yaliingia hadi kwenye utepe, na kila nilipomaliza kunakili wimbo mmoja wa kwaya kwenye kompyuta, kile kichuma kinachosoma utepe kilikuwa cheusi tena na sauti imezama. Nasimamisha kompyuta, nafungua kifuniko, nasugua kichuma na kigurudumu chake cha mpira, naanza upya. Usoni sikumlaumu mama. Moyoni nilimlaumu sana.

Yeye hakuwa na haja na kwaya. Alitaka kaseti moja tu, ya kipaimara cha kaka mkubwa, ambapo baba alisimama kuwashukuru wageni. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na sauti yake haikubaki mahali pengine. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kuchoka. Aliniambia, bila kulalamika, kwamba angependa kumsikia mumewe wakati bado anasikia.

Mkanda wa mpira unaozungusha mashine ulikuwa umelegea. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri mjini aliniuzia mwingine, akanionya kwamba mkanda mpya utabadilisha mwendo. Nyuma ya mota kuna skrubu ndogo, alisema. Niweke sauti ya mtu ninayemfahamu, nizungushe mpaka awe yeye. Niliitikia kana kwamba ni jambo jepesi.

Jumapili baada ya ibada nilimketisha mama karibu na spika, nikaweka kaseti yake. Baba akatoka mbio, sauti iko juu kama ya mtoto anayeshtaki wenzake. Mama akatikisa kichwa. Nikazungusha skrubu, sauti ikashuka, na Kichagga chake kikaanza kueleweka: karibuni sana, mbege ya ndizi ipo, mtu asiondoke na njaa. Nikaendelea kuzungusha, maana baba ninayemkumbuka mimi alikuwa na sauti nzito, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mfereji. Ilipofika pale nikaacha. Nilitaka kulia kwa uchovu na furaha.

"Umempita," mama akasema. "Mrudishe."

Nikambishia. Nilimwambia hiyo ndiyo sauti yake, naikumbuka vizuri. Akaielekezea skrubu kidole. Nikarudisha kidogo, akasema bado. Nikarudisha tena, mpaka ikawa sauti nyembamba, ya mtu mwenye haya, anayemeza mate kabla ya kila sentensi. Mama akafumba macho.

"Hapo. Usiguse tena."

Nikaanza kurekodi. Mama alilia taratibu, na kila baba alipowashukuru wageni, naye aliitikia chini chini kama mwenye nyumba. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini niliumia. Ile sauti nzito iliyonikaripia na kunipa moyo kichwani mwangu miaka yote hiyo, sijui niliitoa kwa nani. Huyu aliyekuwa anazungumza mezani kwangu sikuwahi kumsikia.

Sidii zilipofika Dar, kaka zangu walipiga simu mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alisema ni baba kabisa, kama vile yuko chumbani. Nikawajibu kwamba ndiyo, ni yeye.