Mwenye Bucha na Binti Aliyekataa Kula

Mwenye bucha alikuwa mwanamke wa miraba minne; paja la ng'ombe alilibeba begani kama mtandio. Lakini bintiye wa miaka kumi na saba alimshinda. Binti alianza kuacha hiki, akaacha kile, mwishowe sahani nzima. Nywele zilimtoka kwa chanuo, damu ya mwezi ikakatika, na jua la mchana likamkuta kavaa sweta mbili.

"Maringo hayo," jirani alisema. "Mchape."

Jumapili moja uvumilivu ukamwisha mama. Alimkaba binti ukutani, akambana taya, akamsukumia wali mdomoni.

"Kula! Utakula au tutazikana leo!"

Binti akamng'ata kidole hadi damu. Mama akamzaba kofi, sahani ikapasuka sakafuni. Binti akaokota kigae.

"Nisogelee tena, mama, nakuchoma!"

Mama akasogea. Kigae kikamchana mkono, kisha kikamponyoka binti, naye akaanguka puu.

Hospitalini daktari alihesabu mapigo, akakunja uso. "Moyo wake umechoka. Mwili ukinyimwa chakula hujila wenyewe: misuli, mifupa, hadi moyo."

"Basi leteni bakuli, nimlishe sasa hivi!"

"Ukimshindilia utamuua. Tutaanza kidogo kidogo. Na huu si ukaidi, mama. Ni ugonjwa, umemkaa kichwani. Kofi haliufikii."

Mama alitoka nje akaupiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Ugonjwa huo ungekuwa mtu, angemkatakata.

Wiki ya pili binti alimrushia kikombe cha maziwa kifuani. "Unataka nifure kama wewe!"

Maziwa yakimchuruzika, mama aliikalia mikono yake isije ikaponyoka. "Tukana, mwanangu. Ukichoka tutapumzika wote."

Binti akalia, kwa mara ya kwanza, na mama naye akamwaga machozi. "Nilikupiga ukiwa mgonjwa," alisema. "Nisamehe."

"Bado nakuogopa," binti alijibu.

Mama akavuta kiti chake nyuma kidogo.

Baada ya miezi minne walirudi nyumbani. Binti hajapona sawasawa; kliniki huenda kila wiki, na siku nyingine chakula kinarudi jikoni vilevile. Hawezi kula akitazamwa. Basi mama humpa mgongo, akamsimulia umbea wa wateja, huku akisikiliza kijiko kikigonga sahani, polepole, kikisita, kikigonga tena.